Uko na Nani Hapo?

Achieng ndiye aliyenichokoza. Siku ya kuniaga, keki haijakatwa, alinivuta pembeni akaniambia, "Anti, si utuandikie hizi vitu zote, juu sisi tukianza kuguess tutachoma." Achieng ni Mkenya, na funguo zangu anazo yeye sasa. Nikamwambia mimi si mwandishi. Akasema hawataki mwandishi, wanataka kujua ile friji ya nyuma inapigwa teke upande gani.

Haya. Inapigwa kushoto, chini, kwa kisigino na si kwa vidole. Yaliyobaki ni marefu kuliko hilo, mtanisamehe. Nina muda. Mstaafu anayeishi peke yake ana muda wa kumgawia kila mtu, ila kila mtu ana haraka zake.

Naitwa Tausi, mzaliwa wa Muheza, kwenye machungwa. Nilikuja huku Minnesota kusoma. Nikasoma kweli, kilimo, shahada nzima yenye fremu, na kazi niliyoipata nikadumu nayo ni kufungua na kufunga soko la ndani, pale University Avenue, Frogtown. Mama yangu aliuza machungwa kwa mafungu kando ya barabara maisha yake yote ili mimi nisije nikashinda sokoni. Nilipompigia simu kumweleza kazi yenyewe, aliuliza kama hilo soko lina paa. Nikamwambia lina paa na hita. Akasema, "Basi umenizidi," tukaendelea kuongea habari za wajukuu.

Siku ya kwanza ilikuwa Januari, na baridi ya Januari ya huku sitaieleza, mnaijua. Niliwahi. Nikamkuta mtu mfupi kavaa kofia ya manyoya, anamwaga chumvi kwenye ngazi kama anayelisha kuku. Ndiye Bwana Chue, mzee wa Kihmong, wale watu wa milima ya Laos, msimamizi aliyenitangulia. Hakunisalimu. Alinipa kopo mkononi. "Kwanza chumvi, halafu ufunguo," akasema. Nikadhani ni methali ya kwao. Kumbe ni kazi: ukifungua mlango kabla ngazi hazijapata chumvi, kuna bibi wa miaka themanini atakayetaka kuwa wa kwanza kuingia, naye atateleza. Chumvi ipo stoo, ndoo ya bluu.

Bwana Chue alinifundisha miezi minne na sidhani kama alitumia maneno mia mbili. Alinifundisha kupita soko zima asubuhi kabla hata redio haijawashwa, mkono juu ya kila friji, nisikie inavyotetemeka. Friji inayotaka kufa hutetemeka vingine siku mbili kabla. Alinifundisha chaki. Mipaka ya meza huchorwa sakafuni upya kila asubuhi kwa ile rula ndefu ya mbao, maana ukiacha mstari ufutike saa moja, saa mbili utakuwa unaamua ugomvi wa upana wa kiganja. Rula bado ipo nyuma ya mlango wa ofisi. Msiibadilishe kwa ya plastiki, watu hawaiheshimu.

Na alinifundisha makoti. "Mtu akiingia ofisini," alisema, "mtazame koti. Asipolivua, amekuja kulalamika. Mjibu kwa kifupi. Akilivua, weka chai." Tangu hapo nimepelekwa semina za uongozi mara nyingi, nikapewa na vyeti, na sijasikia huko jambo lililonifaa kuliko hilo.

Soko lilikuwa hivi. Mbele mboga za Wahmong, kushoto vitambaa na ubani wa Wasomali, katikati Wameksiko na pilipili zao za kukausha. Nyuma kabisa, karibu na friji hiyo ya kupigwa teke, ndiko tulikokuita Visiwani. Huko walikaa watu wa Karibiani: ndugu wawili wa Jamaika, Mhaiti mmoja mpole wa kahawa, mama wa Guyana mwenye asili ya Kihindi, na Miss Verna wa Trinidad. Bwana Chue alinionya nisiende huko nyuma kama nina haraka.

Nilikwenda nina haraka. Nikaona magimbi. Magimbi, jamani! Yamelala mezani na udongo wake, kando yake mbaazi mbichi, mabamia, na mchicha umefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilikuwa na miaka kadhaa sijayatia machoni. Nikasimama nikayasemesha kwa Kiswahili, "Nani kawaleta huku nyinyi?" Mwanamke mrefu wa nyuma ya meza, aproni ya njano, ndiye Miss Verna mwenyewe, akaniuliza, "Unayasalimia au unayanunua?" Nikajaribu kujibu, nikajikuta nalia. Alinitazama bila kushtuka, akachagua mawili makubwa, akatia na fungu la mchicha juu. "Mezani kwangu hakuna mtu analia akaondoka mikono mitupu," akasema.

Tulisema Kiingereza, yeye cha kwao na mimi cha kwetu. Verna alizaliwa San Fernando, mji wa vilima, na sokoni kwao aliingia akiwa tumboni, maana mama yake alikuwa na meza hapo. Mchana tuliketi nyuma ya friji juu ya makreti, tukila sahani moja, naye akinipeleka kwao kwa mdomo. Mwanamke wa Kihindi mwenye mtandio anamenya mbaazi bila kuzitazama. Mchina ana duka la unga pembeni na anajua mimba ya kila mtu kabla ya mume. Muuza vitambaa wa Kisiria anapima kwa mkono wake, na mkono wake huwa mfupi siku za Jumamosi. Muuza samaki anaimba bei, na ukimuuliza samaki ni wa lini anaimba kwa sauti zaidi. Chapati za Kihindi zinaliwa na Mweusi, pelau, pilau yao, ya Mweusi inaliwa na Mhindi, na kila mmoja anamtukana mwenzake asubuhi na kumwalika arusi jioni. "Kama Muheza," nikamwambia. Akasema hajui Muheza ni wapi, lakini kama kuna magimbi na matusi, anapajua.

Kuna jambo moja alinisimulia nalikumbuka mpaka kreti alilokuwa amekalia. Kwao redio husoma majina ya waliofariki, na majina ya watoto na wajukuu, na saa ya mazishi. Matangazo yakianza, soko zima hushusha sauti. Mtu akisikia jina la wa kwake hulia hapohapo, na meza za jirani huacha kuuza zikamshika. Nikashangaa mno. "Ebo! Mtu asikie kifo cha mamake kwenye redio, mbele ya viazi?" Naye akanishangaa mimi. "Sasa asikie wapi? Mafichoni?" Nikatikisa kichwa, nikasema moyoni hawa watu hawana huruma. Nikaendelea kula.

Maana kwetu, mnajua, habari ya msiba haitupwi. Hupelekwa kwa miguu. Kwanza unauliza mtu yuko na nani. Kama yuko peke yake, unamwambia mgonjwa kazidiwa kidogo, na huku nyuma unatuma watu wazima wawili watatu wamwendee. Wanamkuta, wanasalimia, wanahakikisha ameketi, na ikiwezekana amekula. Ndipo mmoja wao anakohoa. Baba yangu alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Nilitolewa darasani kwa kuambiwa shangazi anaolewa, nikaenda njia nzima nikiimba. Sikuwahi kumlaumu mtu. Nilipofika uani walikuwapo watu arobaini wa kunidaka.

Mume wangu alipofariki huku, watu arobaini hawakuwapo. Walikuja Watanzania, Mungu awalipe, wakasoma dua, wakapika, Jumatatu wakarudi kazini, na mwanangu Jabiri akarudi Texas. Verna ndiye aliyefunga meza yake siku tatu akakaa kwangu. Hakusema maneno ya kufariji hata moja. Aliosha vyombo, akakunja nguo za marehemu, akaniuliza zipi niweke. Siku ya nne akanirudisha kazini kwa gari lake, akanikabidhi rula. Huyo ndiye Verna ninayemsema, mjue uzito wa ninachokuja kuwaeleza.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, saa nne asubuhi, soko limefurika. Simu ya ukutani ikalia. Simu za mkononi hazishiki kule Visiwani kwa sababu ya mafriji, kwa hiyo ndugu zao wote walikuwa na namba ya ofisi. Alikuwa kaka yake Verna. Hakuzunguka. "Mwambie Verna Mama amekufa. Alfajiri hii. Mwambie apige simu." Nikampa pole, nikakata, nikachungulia kwenye kidirisha cha ofisi.

Verna alikuwa anakata samaki wa chumvi, kisu kikubwa mkononi, foleni ya watu wanane, anawasimulia jambo na wote wanacheka. Hajala, maana hakuwa na desturi ya kula kabla ya adhuhuri. Hana ndugu hata mmoja karibu. Nilikitazama kile kisu. Nikasema, hapana, si hivi, si hapa.

Nikafanya kila kitu kwa utaratibu niliolelewa nao. Nikampigia binamu yake anayekaa Inver Grove Heights. Alikuwa zamu hospitalini hadi saa tisa. Akasema huku analia, "Mwambie tu, Tausi. Mwambie sasa hivi." Nikamjibu tulia, tumngojee apate watu. Nikampigia mchungaji wake, naye alikuwa anafungisha ndoa. Tukapanga saa kumi, ofisini kwangu. Sikio la kufa halisikii dawa: redio nilisimuliwa, binamu kanisihi, na bado mimi nilijiona ndiye mwenye utu.

Nikachukua sahani ya wali kwa Wasomali, nikamsimamia Verna ale. Nikamwambia kaka yake kapiga, mama hajisikii vizuri. "Mama hajisikii vizuri mwaka wa nne huu," akasema. "Nitampigia kesho baada ya kanisa." Akala, akarudi mezani.

Na kwa nini siku ile ilichangamka vile, sijui. Wajamaika walifungulia muziki. Mhaiti, yule mpole, akatoka nyuma ya birika lake akapiga makofi. Verna akacheza. Alicheza na mwiko mkononi, mbele ya wateja, hadi Wahmong wa mbele wakaja kutazama, na soko zima likashangilia. Mimi nilisimama pale na rula yangu. Nilitabasamu, kwa sababu nisingetabasamu angenishtukia.

Saa kumi wakafika binamu na mchungaji. Verna aliitwa, akaja anafuta mikono, akalitupa koti kitini kama kawaida yake. Akawaona. Akaketi mwenyewe. Mchungaji akamwambia. Hakulia. Aliuliza, "Lini?" Akaambiwa alfajiri. "Alfajiri ya leo?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe umejua saa ngapi?"

"Saa nne," nikasema.

Akaitazama saa ya ukutani. "Ndege ya Miami, ya kuniunganisha kwetu, imeondoka saa nane," akasema.

Wallahi sikuwaza ndege. Niliwaza kisu, niliwaza chakula, niliwaza nani atamshika bega la kulia na nani la kushoto. Ndege haikunijia kichwani hata mara moja.

Akainuka, akachukua koti, akalivaa. Mlangoni akageuka. "Nimecheza, Tausi. Umesimama pale ukanitazama nacheza na mama yangu amekufa. Ukaniacha nicheze."

Jioni ile theluji ikaanza, na uwanja wa ndege ukafungwa siku mbili. Kwao walizika Jumatatu. Verna alifika Jumanne. Yeye ndiye binti mkubwa, na alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku ya kuzikwa atamsuka nywele yeye kwa mikono yake. Alimsuka mtu baki.

Aliporudi alikuja ofisini kuchukua ufunguo wa meza yake. Koti limefungwa vifungo hadi shingoni. Nilikuwa nimeandaa maneno wiki nzima, nikayasahau yote isipokuwa moja. "Nilifanya vile kwa kukupenda," nikamwambia. "Najua," akasema. "Ndiyo maana sijui nikufanye nini." Kisha akaniuliza kama taa ya pale nyuma imetengenezwa.

Miaka tisa ilipita hivyo. Msidhani aliniletea ukorofi, angeniletea ningeshukuru. Kila asubuhi nilichora mstari wa meza yake, naye kila asubuhi alisema, "Asante, Miss Tausi." Zamani nilikuwa Tausi tu, au "we mwanamke" akikasirika. Ijumaa nilinunua magimbi kwake. Alipima kwa haki kabisa, akafunga, akanipa. Mchicha wa juu haukuwapo tena. Ofisini aliingia na koti, akatoka na koti, hata mwezi wa tano alibeba kisweta mkononi akasimama mlangoni. Mchana nilikula mezani kwangu, nimeielekeza sura kwenye kalenda. Nimeamua magomvi mengi katika kazi hii, ya mipaka, ya moshi wa pilipili, ya nani kamwibia nani mteja, na lile langu mwenyewe sikupata pa kulichorea chaki.

Nilimwambia dada yangu Mwanahawa habari hizi, wa Muheza, aliyenitangulia kuzaliwa. Nilidhani atanitetea. Akasema, "Wewe ulimpelekea msiba kwa miguu yako, yeye alikuwa ana yake. Ungemuuliza." Sasa mtu unamuulizaje, nikamjibu kwa hasira, shoga yangu ukifiwa ungependa uambiweje? Akacheka, akasema ndiyo, hivyohivyo. Mwanahawa alikuwa na ulimi huo.

Nimestaafu Oktoba. Mlikuwepo, mlikula keki. Verna alisimama mwisho wa ukumbi na koti lake, akanipa mkono, akanitakia kila la heri, Miss Tausi.

Kustaafu hakuna mtu aliyenifundisha. Bwana Chue angekuwa hai ningemuuliza. Naamka saa kumi na moja kama kawaida na hakuna kinachonisubiri. Wiki ya kwanza ya barafu nilishuka nikatia chumvi ngazi za jengo letu, zote, hadi za upande wa maegesho. Msimamizi wa jengo akanibandikia karatasi mlangoni kwamba kazi hiyo ina mwenyewe. Ijumaa naenda msikitini, watu wananiuliza hali, nasema alhamdulillahi, wanawahi magari yao. Jabiri hupiga Jumapili. Namwongelesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunamaliza dakika kumi. Kuna siku nimeweka mkono juu ya friji yangu nikasikiliza inavyotetemeka. Nzima kabisa, haihitaji msaada wangu.

Halafu asubuhi moja, mwezi huu, saa moja, simu ikalia. Alikuwa Idrisa, mtoto wa Mwanahawa. Kwao alasiri ilikuwa imeshaingia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Sijui wewe." Nyuma yake nilisikia watu, wengi, wanaongea chinichini. "Uko na nani hapo?"

Mnaelewa? Swali hilo mimi nimeliuliza wengine maisha yangu yote.

"Niko peke yangu," nikasema.

"Aa. Basi mama anaumwa kidogo. Tutakupigia, mama mdogo. Usiwe na wasiwasi." Akakata.

Nikampigia. Hapokei. Nikampigia binti wa pili wa Mwanahawa, hapokei, na nilijua kwa nini hawapokei. Nikampigia Jabiri, alikuwa kazini, ikaingia kwenye kurekodi. Nikaketi. Kisha nikainuka nikavaa dera zuri na mtandio, maana watu watakuja. Nikaketi tena nikawaza, watu gani? Kule Muheza Idrisa atakuwa anaulizana na wenzake nani wamtume kwangu, na namba ya nani anayo. Nilihesabu majina nikapungukiwa. Nikapika uji, sikuunywa. Nikawasha redio nipate sauti ya binadamu, ikatoka ngoma ya furaha, nikaizima mbio kama mwizi.

Nilikaa hivyo saa mbili. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Miaka tisa nilijua kwamba nimemkosea Verna, lakini nilijua kwa kichwa. Asubuhi ile, nimekaa kwenye kochi na dada yangu amekufa na hakuna anayeniambia, nililijua kwa mwili mzima. Na mimi angalau sikuchezeshwa.

Saa tatu mlango ukagongwa. Hodi moja, nzito. Nikafungua.

Alikuwa Verna. Mabuti yana theluji, aproni ya njano imechungulia chini ya koti, ananuka majani ya pilau ya kwao. Hakusalimu. Alitazama nyuma yangu, sebuleni.

"Uko na nani humu?"

"Sina mtu."

"Sasa una mtu," akasema, akaingia, akafunga mlango. "Mwanahawa amefariki. Leo, saa tano asubuhi ya kwenu. Mtoto wake amepiga ile simu ya ukutani, Achieng akapokea. Nimetoka moja kwa moja, sikungoja mtu."

Baadaye Achieng alinieleza. Ukiacha yangu, Idrisa hakuwa na namba nyingine ya Minnesota ila ile ambayo Mwanahawa aliiandika zamani ukutani kwao, "Tausi kazini". Aliuliza kama kuna mtu mzima anayeweza kwenda kukaa na mama yake mdogo kisha ndipo amwambie. Achieng akatoka ofisini anazunguka meza hadi meza, machozi yanamtoka, anauliza nani anapajua kwa Anti. Verna alikuwa ameinama ndani ya friji. Akatoa kichwa akasema, "Mimi napajua," akachukua koti.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilishika kiti. Verna alinishika kiwiko, kwa nguvu, kama anayeshika gunia lisianguke.

"Sijaja kukusamehe, Tausi," akasema. "Nimekuja kukuambia. Gari linaunguruma hapo chini. Ndege yenu inaondoka saa ngapi?"

"Wameshamzika," nikasema. "Sisi hatungoji. Alasiri yao imepita."

Akanitazama. Sijui kama alikuwa anamwona Mwanahawa au mama yake. Akasema, "Basi hatuna pa kukimbilia." Akatoka. Nilimsikia akishuka ngazi, ngazi zote, kisha injini ikanyamaza, kisha kukawa kimya. Nikasema moyoni amenitimizia, hana deni, ameondoka kwa miguu hadi kituo cha basi. Wazimu gani huo, mtu aache gari lake? Lakini ndivyo nilivyowaza.

Ngazi zikasikika tena. Akaingia anahema. Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, kuanzia shingoni, akalivua, akatafuta msumari nyuma ya mlango, akalitundika.

Nikainuka niweke chai.

"Kaa," akasema. "Mfiwa leo ni wewe."

Nikakaa. Akaingia jikoni, nikamsikia anafungua kabati moja baada ya jingine, anafunga kwa kishindo, ananung'unika kwamba miaka yote hii bado sijajua majani ya chai yanakaa wapi. Ndipo nikalia.